Chemba Hudumu Kuliko Mtutu

Mapema mwaka 1945, majeshi ya Marekani na Uingereza yaliyokuwa yakisonga mbele kuingia Ujerumani yalikuwa na mizinga ya aina nne yenye mdomo wa kipenyo kilekile, milimita 76.2, yaani inchi 3 kamili. Wa kwanza ulikuwa mzinga wa inchi 3 wa Kimarekani uliofungwa kwenye M10, gari lililoundwa kuwinda vifaru. Wa pili ulikuwa mzinga wa milimita 76 wa Sherman mpya na wa M18. Wa tatu ulikuwa mzinga wa Kiingereza wa ratili 17, ule uliobebwa na Sherman Firefly. Wa nne ndio kwanza ulikuwa umewasili, juu ya kifaru cha Comet. Mitutu hiyo minne ilikuwa na upana mmoja, lakini risasi ya mmoja haikuweza kufyatuliwa salama kwenye mwingine wowote. Waingereza waliuogopa mkanganyiko huo kiasi kwamba mzinga wa Comet waliupa jina la "milimita 77", ingawa kipenyo chake hakikuzidi 76.2, ili karani wa ghala na dereva wa lori wasije wakapeleka shehena ya Firefly kwa wahudumu wa Comet.

Historia ya vifaru kwa kawaida husimuliwa kwa vipenyo: 75, 88, 105, 120, 125. Namba zinapanda, deraya zinanenepa, namba zinapanda tena. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yanaficha jambo lililowasumbua zaidi maofisa wa ugavi, na ninaamini ndilo lililoamua ni jeshi lipi lingeweza kupigana mwezi wa pili wa vita baada ya kumaliza akiba ya mwezi wa kwanza. Jambo hilo ni chemba, tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hulala kabla ya kufyatuliwa. Mtutu huchakaa na kubadilishwa, kifaru huzeeka na kuyeyushwa, lakini umbo la chemba likishachaguliwa hufuatwa na viwanda, maghala, vitabu vya mafunzo na mikataba ya mauzo kwa miaka hamsini na zaidi. Uingereza ndiyo shahidi wangu mkuu, kwa sababu ilitoa ushahidi wa pande zote mbili: iliunda chemba iliyoenea kuliko zote katika nchi za Magharibi, kisha ikajitenga na wenzake na kulipia utengano huo kwa zaidi ya nusu karne.

Kwanza tuelewe kinachoingia na kinachokataa kuingia. Risasi ya kifaru ya kawaida ina sehemu nne: kombora linaloruka, ganda la shaba au chuma, baruti iliyomo ndani ya ganda, na fataki kwenye kitako cha ganda. Fataki inapowasha baruti, gesi hulitanua ganda likabana kuta za chemba na kuziba mwanya wote, ndiyo maana moto hauwarudii wahudumu. Kwa hiyo chemba lazima ilingane na ganda kwa urefu, kwa unene wa kitako na kwa mteremko wa shingo. Anayenunua mtungi wa gesi wa kampuni nyingine na kukuta regyuleta yake haikamati valvu anafahamu tatizo la namna hii: gesi ni ileile, kinachogoma ni kiungo. Hata umbo likilingana, msukumo wa gesi nao una mipaka yake. Mtutu mpya uliochongwa chemba ya zamani hupokea risasi za zamani bila shida, kwa kuwa chuma chake kinahimili zaidi ya kile risasi hizo zinachodai. Risasi mpya yenye baruti kali zaidi yaweza nayo kuingia vizuri kabisa kwenye mtutu wa zamani, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu imeingia mahali ambapo chuma hakikutengenezwa kwa ajili yake. Tunaposema mizinga miwili inapatana kwa risasi, mara nyingi tunasema kitu chenye upande mmoja: ya jana huingia katika mzinga wa leo, wala si lazima ya leo iingie katika mzinga wa jana.

Mfano wa kwanza wa chemba kuishi kuliko mzinga wake unaanzia Ufaransa mwaka 1897, kabla kifaru hakijabuniwa. Mzinga wa uwanjani wa milimita 75 wa mwaka huo ulikuwa wa kwanza mashuhuri kunyonya mrudisho wake kwa mafuta na hewa, hata ukaweza kufyatua mfululizo bila kulengwa upya. Marekani, ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917 bila mizinga ya kutosha, iliupokea kama ulivyo. Vita vilipokwisha, ilibaki na viwanda na maghala yaliyozoea ganda la Kifaransa lenye urefu wa milimita 350. Wahandisi wa Marekani walipohitaji mzinga wa kifaru mwaka 1940, waliichukua chemba hiyohiyo. Mizinga ya M2 na M3, iliyowekwa kwenye vifaru vya Lee, Grant na hatimaye Sherman, ilirithi risasi ya farasi na matope ya Marne. Wahudumu wa Grant waliopigana na Rommel katika jangwa la Libya mwaka 1942 walikuwa wakipakia ganda lenye umbo lililochorwa wakati Malkia Victoria yu hai.

Urithi huo ulizaa matunda ambayo hakuna aliyeyapanga. Makombora ya awali ya Kimarekani ya kupenya deraya yalifanya kazi vibaya dhidi ya deraya ngumu ya Wajerumani. Huko Misri ofisa wa Kiaustralia, Meja Northy, alichukua makombora ya milimita 75 yaliyotekwa, yale ya mzinga mfupi wa Panzer IV, akapunguza mikanda yao ya shaba kwenye mashine na kuyapachika kwenye maganda ya Kimarekani. Risasi kama 17,000 zilibadilishwa hivyo. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu kipenyo kilikuwa kimoja, na ililazimu kufanywa kwa sababu maganda hayakuwa mamoja. Waingereza nao walifuata njia iliyo wazi zaidi. Walikuwa na mzinga wa ratili 6 wenye kipenyo cha milimita 57. Wakaupanua hadi 75 na kuuchonga chemba ya Kimarekani, wakaufunga kwenye Cromwell na Churchill. Mzinga huo mpya ulipenya deraya vibaya kuliko wa awali, na wahandisi wake walijua hivyo. Walichopata badala yake ni kombora zuri la kulipuka, pamoja na haki ya kula katika chungu cha ugavi wa Marekani, ambacho mwaka 1944 kilikuwa hakina mfano duniani.

Hapa pana pingamizi la kwanza, na lina uzito. Je, urithi huo haukuwaua wahudumu wa Sherman? Mzinga wa M3 haukuweza kutoboa deraya ya mbele ya Panther, na katika vichaka vya Normandy upungufu huo ulilipwa kwa watu kuungua. Sitaki kulipunguza hilo. Chemba ya mwaka 1897 haikuwa na nafasi ya baruti ya kutosha kulisukuma kombora kwa kasi iliyohitajika mwaka 1944, na hakuna ustadi wa ugavi unaoweza kuziba pengo la namna hiyo. Ila tutazame kilichotokea Wamarekani walipobadili. Mzinga wao mpya wa milimita 76 ulipenya zaidi, lakini kombora lake la kulipuka lilibeba kama gramu 390 tu za baruti ya mlipuko, dhidi ya gramu 670 hivi za lile la 75. Kwa kuwa kazi kubwa ya kifaru ilikuwa kupiga nyumba, mahandaki na mizinga ya kuvutwa, makamanda kadhaa hawakuutaka mzinga mpya kabla ya kukutana na Panther. Na jambo linalonihusu zaidi hapa: Wamarekani tayari walikuwa na mzinga wa inchi 3 wenye makombora hayohayo, lakini kwa ajili ya uzito na ufinyu wa mnara walibuni ganda jipya fupi. Faida ya kupenya waliipata, na papo hapo wakaongeza aina nyingine ya shehena katika njia za ugavi zilizokuwa zimeelemewa tangu ufukweni.

Wajerumani walilipia zaidi. Kipenyo cha milimita 75 katika jeshi lao kilikuwa jina la familia isiyosemezana. Mzinga mfupi wa Panzer IV wa awali ulikuwa na ganda la milimita 243. Mzinga mrefu wa Panzer IV wa baadaye, 495. Wa Panther, 640. Na mzinga wa kuvutwa wa Pak 40, 714. Pak 40 na Panzer IV mrefu zilitumia makombora yaleyale, lakini maganda yalitofautiana, kwa sababu ganda la sentimita 71 lisingegeuzika ndani ya mnara. Kikosi cha mizinga ya kuvutwa kilichobakiwa na risasi hakikuweza kukigawia kikosi cha vifaru kilichoishiwa umbali wa uwanja mmoja. Hata pale ambapo umbo la ganda lilikuwa moja, jambo dogo liliharibu: Tiger ya kwanza ilitumia ganda la mzinga maarufu wa kutungua ndege wa milimita 88, lakini fataki yake iliwashwa kwa umeme, ilhali ya mzinga wa ndege iligongwa kwa pini. Warusi walikuwa na nidhamu kubwa zaidi. Mzinga wa T-34 wa milimita 76.2 ulitumia ganda la mzinga wa uwanjani wa mwaka 1902, lilelile la mzinga wa kuvutwa wa ZIS-3. Mzinga wa milimita 85 uliofuata ulichukua ganda la mzinga wa kutungua ndege wa mwaka 1939, na ule wa milimita 100 ukachukua ganda la mzinga wa manowari. Huo wa mwisho ulitua kwenye T-54 na T-55 na kuenea dunia nzima. Type 59 za Kichina ambazo Tanzania ilizinunua, na T-55 ambazo Libya ilizipeleka Uganda kumnusuru Idi Amin mwaka 1979, zilikuwa zimetoka tumbo moja: pande mbili za vita vya Kagera zilibeba mizinga ya ukoo uliozaliwa melini.

Sasa tuje kwa Uingereza. Baada ya vita, Centurion ilifungwa mzinga wa ratili 20, kipenyo cha takriban milimita 84. Ulikuwa mzinga mzuri hadi T-54 ilipotokea. Simulizi iliyorudiwa sana husema kwamba wakati wa machafuko ya Budapest mwaka 1956 T-54A moja iliingizwa kwenye uwanja wa ubalozi wa Uingereza, maofisa wakaipima deraya kwa haraka, na vipimo vyao vikaharakisha utafutaji wa mzinga mkubwa zaidi. Jawabu likawa L7 wa milimita 105. Werevu wake haukuwa katika kipenyo. Wahandisi walichukua ganda la ratili 20 na kulipanua shingo lipokee kombora la 105, huku kitako na urefu vikibaki karibu vilevile. Mtutu mpya ukaundwa uingie kwenye fremu ya mtutu wa zamani. Kwa hiyo Centurion iliyokuwa karakana ikiwa na mzinga wa ratili 20 iliweza kutoka na L7 bila kujengewa mnara mpya, na rafu zake za risasi zilihitaji marekebisho madogo tu. Kufikia mwaka 1959 mzinga huo ulikuwa kwenye vifaru, ukirusha kombora la tangsteni kwa kasi ya zaidi ya mita 1,400 kwa sekunde.

Kilichofuata hakina mfano katika historia ya silaha nzito za Magharibi. Wamarekani waliichukua chemba hiyo kwa mzinga wao wa M68 na kuiweka kwenye M60. Wajerumani waliichukua kwa Leopard 1. Waswidi waliurefusha mtutu kwa ajili ya kifaru chao kisicho na mnara, lakini chemba hawakuigusa. Waswisi, Wajapani, Wahindi na Waisraeli wakaingia, na Wachina hatimaye wakaitengeneza nao. Vickers Mk 3 ambazo Kenya ilizinunua mwishoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa na L7 huohuo. M1 Abrams yenyewe, ilipoanza kazi mwaka 1980, ilizaliwa na chemba ya 105, kwa kuwa maghala ya Marekani yalijaa risasi zake, ingawa mnara wake uliachiwa nafasi ya mzinga mkubwa baadaye. Ndani ya chemba hiyo moja kombora lilibadilika mara nyingi: kutoka kipande cha tangsteni kinachozunguka hadi mshale mrefu wenye mapezi, ambao Waisraeli waliutumia Lebanon mwaka 1982 na ambao uliwafanya Wasovieti waongeze bamba la chuma mbele ya T-72. Mzinga uliobuniwa kuipiga T-54 ulikuwa bado unamtia wasiwasi adui kizazi kizima baadaye, na chuma chake kilikuwa kilekile.

Thamani ya hayo ilionekana waziwazi Oktoba 1973. Vita vilipozuka Sinai na Golan, serikali ya Edward Heath ilizuia silaha kwenda pande zote zinazopigana, na zuio hilo liliigusa Israel moja kwa moja, kwa kuwa sehemu kubwa ya vifaru vyake ilikuwa Centurion za Kiingereza ambazo risasi na vipuri vyake vingetoka Uingereza. Laiti Centurion hizo zingebaki na mzinga wa ratili 20, zingekuwa na siku chache tu za uhai. Zilikuwa na L7. Risasi za Kimarekani zilizotengenezwa kwa M60, zilizopelekwa kwa ndege katika daraja kubwa la anga la mwezi huo, ziliingia kwenye mitutu ya Kiingereza bila kuomba ruhusa London. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu wa hoja yangu: chemba inayoshirikiwa humnyima muuzaji mmoja uwezo wa kuamua peke yake ni lini mnunuzi ataacha kupigana. Mtu anaweza kuliona hilo kuwa jema au baya kulingana na upande anaousimamia, lakini ukweli wake haubadiliki. Waisraeli wenyewe walilielewa vizuri, wakazing'oa mizinga ya milimita 100 kutoka kwenye T-54 na T-55 walizoziteka na kuzifunga 105.

Kisha Uingereza ikaondoka mezani. Chieftain, iliyoingia jeshini katika miaka ya 1960, ilipewa mzinga wa L11 wa milimita 120 wenye mifereji ya kuzungusha kombora, na risasi isiyo na ganda kabisa: kombora huingia kwanza, mfuko wa baruti hufuata, na fataki hupakiwa peke yake. Ujerumani Magharibi ilichagua njia nyingine. Mzinga wa Rheinmetall uliowekwa kwenye Leopard 2 mwaka 1979 nao ni wa milimita 120, lakini mtutu wake ni laini ndani, na risasi yake ni kipande kimoja chenye ganda linaloungua lote isipokuwa kitako kifupi cha chuma. Namba moja, koo mbili. Marekani iliununua ubunifu wa Kijerumani na kuufunga kwenye M1A1 mwaka 1985. Wafaransa, ambao kwa kawaida hawapendi kufuata, waliujenga mzinga wao wenyewe kwa Leclerc, mrefu kuliko wa Kijerumani, lakini chemba wakailinganisha na ya Rheinmetall. Italia, Israel, Japani na Korea Kusini zikafuata. Waingereza walibaki na mifereji na mifuko yao, kwenye Challenger 1 na kisha, kwa mzinga mpya wa L30, kwenye Challenger 2. Wateja wao walikuwa wachache: Iran ya Shah, Kuwait, Jordan, Oman. Challenger 2 ilinunuliwa nje na Oman peke yake, vifaru 38.

Watetezi wa uamuzi huo wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Mtutu wenye mifereji hurusha vizuri kombora la plastiki ya mlipuko linalojibandika kwenye ukuta kabla ya kulipuka, silaha bora dhidi ya majengo na ngome. Baruti iliyohifadhiwa chini ya mnara, mbali na makombora, ilionekana kuwa salama zaidi kifaru kikipigwa. Na mwaka 1991, katika vita vya Ghuba, Challenger 1 iliipiga T-55 ya Iraq kutoka umbali wa takriban kilomita 5, jambo ambalo mzinga mbovu haulifanyi. Yote hayo nayakubali. Mzinga wa L11 haukuwa kosa la uhandisi. Gharama yake ilikuja polepole, kupitia hesabu. Kuunda mshale mpya wa kupenya deraya hugharimu kiasi kilekile utauza elfu kumi au laki tano, na soko la Kiingereza lilikuwa la nchi mbili tatu. Wajerumani na Wamarekani waliendelea kuboresha kizazi baada ya kizazi. Waingereza waliishia na mshale mmoja wa urani na mstari wa kiwanda uliosimama. Na mshale wenyewe, tofauti na kombora la plastiki, hauhitaji kuzungushwa. Mifereji iliyokuwa fahari ikawa mzigo kwa kombora muhimu kuliko yote. Mwaka 2006 Challenger 2 moja ilifungwa mtutu wa Rheinmetall kwa majaribio. Mtutu ulikaa vizuri. Kilichokataa kilikuwa rafu: risasi za kipande kimoja hazikuwa na mahali pa kulala ndani ya kifaru kilichojengwa kwa ajili ya vipande. Ilibidi kungoja hadi Mei 2021, mkataba wa pauni milioni 800 uliposainiwa ili vifaru 148 vijengewe mnara mpya kabisa na kuitwa Challenger 3. Miaka ya 1950, kwa L7, Waingereza haohao waliubadili mzinga bila kuubadili mnara.

Wakati mnara huo mpya ukijengwa, Ukraine iligeuka kuwa mahali ambapo maamuzi yote hayo yalikutana. Mwaka 2023 ilipokea Challenger 2 kumi na nne, ambazo risasi zake zilitegemea akiba ya Uingereza. Leopard 2 zilizotoka nchi mbalimbali za Ulaya na Abrams 31 za Marekani zilipatana kwa chemba. Slovenia ilikuwa imeshatoa M-55S 28, yaani miili ya T-55 ya Kisovieti yenye L7 wa Kiingereza mnarani, na hizo zikaweza kula chungu kimoja na Leopard 1A5. Ufaransa ilitoa magari ya magurudumu ya AMX-10RC, nayo yana mzinga wa milimita 105, lakini ganda lake ni fupi na msukumo wake ni mdogo. Shehena ya Leopard 1 haiyafai kitu. Ile hofu ya karani wa ghala wa mwaka 1945 ilirudi katika lugha nyingine na bado ilikuwa hofu ya haki. Upande wa pili, Urusi iliporudisha T-62 na hata T-55 vitani, ilikuwa inayafungua pia maghala ya risasi za milimita 115 na 100 ambazo vifaru vyake vya kisasa visingezitumia kamwe.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliona gumu kuliko yote: kwamba siku hizi chemba haitoshi. Kifaru cha leo hulenga kwa kompyuta, na kompyuta isiyo na takwimu za risasi ya nchi nyingine itaifyatua salama na kukosa shabaha. Risasi za kulipuka hewani, kama DM11 ya Kijerumani, hupokea amri ya muda kupitia mguso wa umeme kwenye kitako cha mzinga. Kifaru kisicho na mguso huo hakiwezi kuzipangia muda wa kulipuka. Katika T-72 risasi hukaa kwenye duara la chuma chini ya sakafu, na urefu wa mshale hufungwa na upana wa duara hilo, hata mishale mipya mirefu ikahitaji mashine ya kupakia iliyorekebishwa. Na Rheinmetall yenyewe iliurefusha mtutu kutoka mita 5.28 hadi 6.6 kwa Leopard 2A6, kisha ikatoa L55A1 unaohimili msukumo mkubwa zaidi, ambao risasi ya DM73 iliundwa kwa ajili yake. Chemba ni ileile, uwezo si uleule. Nakubali kwamba neno "kupatana" leo lina tabaka nyingi kuliko mwaka 1945. Lakini tuzitazame tabaka hizo kwa gharama zake. Takwimu za kompyuta huongezwa kwa programu. Mguso wa umeme hufungwa karakanani, na vikosi kadhaa vimeshafungiwa. Duara la kupakia hurekebishwa kwa fedha na muda. Chemba isiyolingana hudai mtutu mpya, rafu mpya na mara nyingine mnara mpya, kama Waingereza walivyogundua. Tabaka za juu zimeongezeka, na ile ya chini bado ndiyo ghali kuliko zote.

Suala hilo la kupatana kwa chemba huonekana hata kwenye hati za meli. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Faina ikielekea Mombasa na T-72 33, na serikali ya Kenya ikasema vifaru hivyo ni vya jeshi lake. Waliojua vifaru walishangaa mara moja: jeshi lenye Vickers za milimita 105, karakana zake na mafunzo yake, lingefanya nini na mizinga ya 125 yenye risasi za vipande viwili? Nyaraka za kidiplomasia za Marekani zilizovuja baadaye zilionyesha kwamba mzigo ulikuwa wa Sudan Kusini.

Swali la chemba ya pamoja sasa limefunguliwa upya barani Ulaya. Ujerumani na Ufaransa zina mpango wa pamoja, ulioanza mwaka 2017, wa kifaru kitakachozirithi Leopard 2 na Leclerc. Rheinmetall inautetea mtutu wake wa milimita 130, ambao tayari umefungwa kwenye KF51 Panther iliyoonyeshwa mwaka 2022. Wafaransa wana ASCALON wa milimita 140, ambao waundaji wake wanausifu kwa kombora refu na ganda fupi, na ambao wameuonyesha pia katika umbo la 120. Mijadala ya hadharani hugusa zaidi unene wa deraya utakaopenywa. Ningependa kusikia zaidi juu ya maghala, kwani yoyote kati ya ganda la 130 na la 140 litakalochaguliwa litakuwa la kwanza tangu mwaka 1979 kuilazimisha Ulaya Magharibi ianze upya kuyajaza, wakati viwanda vyake bado vinahangaika kuijazia Ukraine risasi za 105 na 120.